Nikisalimia, Mjue Ni Sukari

Siku ya kwanza niliyokimbia kwa ajili ya afya yangu, watu wote wa Mushaki, kijiji chetu, walihama. Sitanii. Walibeba watoto, sufuria na magodoro wakapanda mlima, na mimi niliyewakimbiza nikawafuata nyuma nikilia, nikiuliza adui ametokea upande gani. Mpaka leo kuna mama mmoja wa sokoni ambaye akiniona tu anapiga makofi na kucheka. Nimemzoea.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeambiwa juzi kwamba una sukari, ukaambiwa tena ufanye mazoezi, ukatoka pale ukijiuliza: nitayafanya saa ngapi, na watoto hawa, na kazi hii, na vita hivi? Mimi si daktari. Sijui sukari inaingia mwilini kwa mlango gani. Najua tu yaliyonipata, na mengine nikiyakumbuka bado nashika mdomo, kama ninayesimuliwa habari za mtu mwingine.

Mimi ni mtoto wa Butembo. Mume wangu Kasereka naye ni wa huko. Tulikuja Masisi baada ya ndoa, yeye akiendesha lori la mizigo kati ya Goma na Walikale, mimi nikafungua duka Mushaki, kando kabisa ya barabara ya Sake: chumvi, sabuni, mafuta, vitenge. Tukajaliwa wasichana wawili, Masika na Kanyere, kisha mvulana, na kwa desturi yetu mvulana anayekuja baada ya wasichana anaitwa Muhindo. Duka lilinipa riziki, likanipa na kiti. Nilikaa kwenye kiti kile miaka kumi na mitano. Maji waliteka binti zangu, shamba sikuwa nalo, na mwili ukaongezeka mpaka Kasereka akawa ananisindikiza Misa kama mtu anayepeleka ng'ombe wake wa maonyesho. Kwetu mke mnene ni sifa ya mume. Na mimi nilijisifu, kwa nini nikudanganye?

Halafu, msimu mmoja wa kuvuna maharage, nikaanza kupungua bila sababu.

Kiu ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa namaliza dumu dogo la maji kabla ya saa sita mchana, na kila mara mteja akiingia ananikuta nimekwenda nyuma ya nyumba. Muhindo, aliyekuwa na miaka minne, ndiye aliyegundua jambo la pili. Alikuja mbio dukani mbele ya wateja wote na kutangaza, "Mama, fasi yenye unakojoa iko basisimizi mingi!" Watu walicheka na mimi nikacheka nao, lakini jioni nilikwenda kutazama. Kweli, sisimizi walikuwa wamejipanga pale kama watu waliosikia kuna msaada wa chakula.

Majirani walisema nimelishwa sumu. Wengine walisema biashara yangu imeniletea macho ya watu. Mimi nilinyamaza na kukaza kitenge zaidi kiunoni. Mficha maradhi, kilio humfichua, na mimi nilifichuliwa na kiatu. Siku moja ya soko nilirudi nyumbani nikiwa na furushi kichwani. Masika, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alinitazama miguuni.

"Mama, kiatu ingine iko wapi?"

Nikatazama. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu. Nyuma yangu, juu ya saruji ya baraza, kulikuwa na alama za damu zinazotoka barabarani hadi pale nilipokuwa nimesimama. Nilikuwa nimepoteza ndara huko sokoni, nimekanyaga kigae cha chupa, nimetembea nacho njia nzima, na sikusikia kitu. Masika alipokivuta sikusikia. Niliuogopa ule mguu. Ulikuwa wangu na haukuwa wangu.

Kituo cha afya kilikuwa na benchi moja ndefu ambayo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, kwa hiyo mtu wa mwisho akisimama, sisi wengine tunainama kama watu wa mtumbwini. Nilikaa pale asubuhi nzima. Katikati waliletwa majeruhi wawili wa risasi kwenye machela, na sisi wa benchi tukasogea nyuma bila kuambiwa. Niliona aibu. Kila mtu pale alikuwa na ugonjwa unaoonekana, mtoto anayetetemeka kwa malaria, damu, kikohozi. Mimi nilikuwa na kiu tu. Mama mmoja nisiyemjua aliona ninavyolamba midomo, akanipa chupa yake ya maji, nikaimaliza yote. Sijawahi kumwona tena yule mama. Namwombea kila Jumapili.

Muuguzi mkuu wa kituo, mzee mwembamba ambaye sote tunamwita Muganga, alinichoma kidole na kuweka tone la damu kwenye mashine ndogo. Akaitazama. Akanichoma kidole kingine.

"Mama Masika, hii iko sukari. Na iko mingi sana, hata mashini inakataa kuihesabia."

"Itapona?"

"Apana. Haiponake. Lakini tunaweza kuifunga kamba, kama ng'ombe."

Alinipa vidonge vya mwezi mmoja kwenye karatasi iliyokunjwa. Akanieleza ugali kiasi gani, na kwamba soda nizisahau. Kisha akasema neno lililobaki nami miaka yote hii. "Hizi dawa zinatoka Goma na lori. Siku njia inafungwa, hakuna dawa. Ile siku, dawa yako itakuwa miguu. Ufanye sport, kila siku, mpaka jasho itoke. Uanze sasa, juu siku ya vita hautaweza kuanza."

"Muganga! Miye na sport? Niko na batoto batatu na duka."

"Sukari haiulizake kazi yako." Akaushika mguu wangu wa kulia, ule usiosikia, akaunyanyua kidogo. "Na kama haufanye, huyu njo atakuwa wa kwanza kwenda. Kisha macho. Kisha weye."

Nilirudi nyumbani nikihesabu saa, si miaka. Miaka ile hakuna mtu wa Mushaki aliyekanyaga barabara kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Ng'ombe wakipita, ujue usalama upo. Na kuanzia ng'ombe kupita hadi kengele ya shule ni muda wa kuosha watoto, kuwapikia uji, kumtafutia Muhindo suruali yenye kifungo, na kufungua duka kabla wateja hawajaenda kwa jirani. Mwanya ulikuwa huo huo mmoja, nao ulikuwa umejaa. Nikamwambia Masika kwamba uji sasa utakuwa wake.

"Weye unaenda kucheza, na miye nitachelewa masomo," alisema. Hakupaza sauti. Aliokota mwiko akanigeuzia mgongo, na mgongo ule uliniuma kuliko kigae.

Kidonda kilichukua karatasi mbili za vidonge kupona. Nilipofungua ya tatu, mvua za Septemba zilikuwa zimeanza na watu walikuwa wanapanda. Jumatatu moja, ng'ombe walipopita, nilifunga kitenge juu kidogo na kwenda kwenye njia inayopanda kuelekea Kirolirwe. Kupanda nilitembea, tena kwa kushika magoti. Nilifika kwenye lango la malisho roho iko mkononi. Lakini kuteremka, miguu ilichukuana yenyewe. Nilikimbia. Mikono hewani, kitenge kimefika magotini, natweta, jasho linatoka kama Muganga alivyotaka. Nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni.

Nilikuwa nimesahau jambo moja, ambalo hata mtoto wa Mushaki analijua. Kwetu hakuna anayekimbia barabarani. Mtu akichelewa Misa, anatembea. Mvua ikinyesha, anatembea na kulowa. Watoto tunawafundisha wakimbizane nyuma ya nyumba, si njiani, na mimi mwenyewe nilishamchapa Kanyere kwa kosa hilo. Kwa sababu wakati wa vita, mtu anayekuja mbio kutoka mlimani hahojiwi. Anatosha kuwa onyo.

Wa kwanza kuniona alikuwa Mama Riziki, jirani yangu, mkulima wa Kihunde ambaye ukoo wake umelima milima ile tangu zamani za mababu. Alikuwa peke yake nje, anaanika maharage ya mbegu kwenye turubai. Nilimwona akiinuka, akimtupa mjukuu mgongoni, na nikadhani anawahi shambani. Nilipita. Nyuma yangu milango ilifunguka, mtu akapiga filimbi, mbele yangu watu wakaanza kumwagika kutoka nyumba hadi nyumba, na mimi kwa upumbavu wangu nikazidisha mbio nifike kwa watoto wangu.

Nyumbani uji ulikuwa unachemka peke yake. Kitanda hakina godoro. Hakuna Masika, hakuna Kanyere, hakuna Muhindo. Hapo nikajua: vita vimefika. Nikanyakua mfuko wenye karatasi zetu za ubatizo, nikawafuata watu mlimani, nalia na kuita majina ya watoto.

Niliwakuta kwenye malisho ya juu, watu mia kadhaa wamechuchumaa kwenye nyasi. Masika alikuwa amembeba Muhindo mgongoni na godoro kichwani, Kanyere ameshika sufuria. Nikawakumbatia wote pamoja na godoro. Chifu wa kijiji alikuwa anauliza mmoja mmoja.

"Ni nani aliona adui?"

"Miye niliona Papa fulani anakimbia." "Miye nilisikia filimbi." "Miye nilifuata bale." Maswali yakarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka yakamfikia Mama Riziki.

"Miye niliona Mama Masika anashuka mbio."

Chifu akanigeukia. "Na weye, Mama Masika, ni nani alikuwa nakufukuza?"

Nilitamani ardhi ifunguke. "Hakuna mutu, Papa. Nilikuwa nafanya sport."

Kisha mtu mmoja akaangua kicheko, na kicheko kikaenea mpaka wengine wakalala kwenye nyasi wakishika mbavu. Lakini si wote waliocheka. Mama mmoja kijana alikuwa ameanguka na mtoto mgongoni, goti limechanika, mtoto bado analia. Alinitazama tu. Alikuwa na haki.

Kasereka aliporudi na lori siku ya tano, habari ilikuwa imemfikia Sake. "Bantu banasema muke yangu alikimbia ndoa mpaka mulima ikajaa bashahidi," alisema. Alijaribu kuifanya mzaha, lakini uso haukuwa wa mzaha. "Tuko bageni hapa. Duka yetu inaishi juu ya jina. Wachana na hizo mambo."

Nikaachana nazo. Nilirudi kwenye kiti changu, na sitakuficha, sehemu fulani ya mwili wangu ilifurahi. Karatasi ya nne ya vidonge ilipoisha nilirudi kwenye benchi. Sukari ilikuwa imepanda tena, na kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia kulikuwa na weusi ambao Muganga aliutazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alisema tu, "Mama Masika." Nikatoka, nikakaa nje kwenye ngazi, nikalia kwa sauti bila kujali nani ananiona. Nilimwona Muhindo bila mama. Nilimwona Masika ameacha shule, amekaa kwenye kiti changu.

Mama Riziki alikuwa pale na mjukuu wake mwenye malaria. Akaja kukaa karibu nami.

"Juu ya nini unalia hivi?"

Nikavua kiatu nikamwonyesha kidole. Nikamweleza yote, vidonge, lori, miguu, mume wangu, mlima. Alisikiliza akimpepea mtoto kwa pindo la kitenge.

"Wakati ulipita karibu na miye ile siku," alisema, "haukunisalimia."

"Nilikuwa natweta, mama yangu."

"Njo vile. Mutu mwenye anakimbia vita hana wakati ya kusalimia. Kama ungalisema, 'Jambo, Mama Riziki,' ningalishangaa, lakini singalibeba mutoto." Akanishika goti. "Kimbia. Lakini kila mulango wenye unapita, usalimie kwa sauti, kila mutu na jina yake. Kama umesalimia, tutajua ni sukari. Kama umenyamaza, tutabeba batoto."

Alikwenda mwenyewe kwa chifu. Chifu akalitangaza siku ya soko, mbele ya watu wote, na ugonjwa wangu niliokuwa naufichia kitengeni ukajulikana hadi kwa wauza vitunguu. Nilidhani nitakufa kwa aibu. Badala yake, wiki ile watu watatu walikuja dukani wakijifanya wanataka sabuni, kisha wakanong'ona kwamba na wao wana kiu isiyoisha.

Hivyo nilianza upya. "Jambo, Mama Riziki!" "Jambo sana!" "Jambo, Papa Deo! Jambo, Mama Furaha!" Sikujua kwamba duniani kuna kazi ngumu kama kukimbia na kusalimia kwa wakati mmoja. Wiki za kwanza salamu zilitoka vipande vipande, na mzee fundi cherehani alikuwa ananingojea barazani kila asubuhi ili anirushie, "Mama, pole pole njo mwendo!" Nilipomweleza Muganga, alicheka akasema hicho ndicho kipimo kizuri: ukishindwa kusalimia, umezidisha.

Na Masika, aliyenigeuzia mgongo, alianza kunigeukia polepole. Niligundua kwamba anatumia sauti yangu kama saa. Nikiwa kwa Mama Furaha, anatia unga. Nikiwa kwa Mama Riziki, anaepua, na nikifika mlangoni uji umeshapoa wa kunywa na Muhindo ameoshwa uso. Siku moja nilichelewa kwa sababu ya matope, nikamkuta kasimama barabarani na mwiko mkononi. "Uji imeungua juu yako," alisema, na alikuwa anacheka.

Msimu wa mahindi mabichi, Kasereka alirudi kutoka Goma na mfuko wa plastiki akauweka kwenye meza. Ndani kulikuwa na viatu vya mutumba vya michezo, vya kiume, vikubwa, vyekundu. Niliweka soksi mbili nikavijaza. Hakuwahi kusema kwamba amekubali. Alisema tu nisivivae Misa.

Sasa nifikie asubuhi ya jiwe. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, vilima vimetokeza juu yake, ng'ombe wanatoa mvuke puani. Nilikuwa nateremka, nimeshasalimia nyumba mbili, nikasikia kitu kinanichoma. Nikasimama. Kilikuwa kwenye mguu wa kulia. Nilivua kiatu nikatikisa, kikadondoka kijiwe kidogo kuliko punje ya haragwe. Nilikuwa nimekisikia. Mguu ule uliotembea na kigae bila kujua ulikuwa umelalamika kwa ajili ya kijiwe! Nilikaa chini kwenye matope nikakishika kiganjani, nalia, namshukuru Mungu, na Mama Furaha akatoka mbio kuuliza kama nimeumia. Nilimwambia ndiyo, nimeumia, na nikamkumbatia.

Watu huniuliza kama sikuchoka, kila siku, mvua na jua. Nilichoka sana. Lakini fikiria: kijiji kizima kilikuwa kinakunywa uji kwa amani kwa sababu mimi nimekitaja jina. Miaka ile kila mtu alilala na viatu karibu, na bado walikubali mtu mmoja akimbie barabarani, kwa ajili tu ya kidole chake cha mguu. Nikiwaza hivyo nilikuwa nakimbia kwa heshima, kama mtu anayebeba Sakramenti.

Nilikuwa nimeshaacha kuhesabu karatasi za vidonge. Njia ya Sake ilikuwa imefungwa tangu majuma mawili, vidonge vilikwisha, na Kasereka alikuwa amekwama na lori huko Kibua, upande wa Walikale. Asubuhi moja nilifika kwenye lango la malisho nikakuta ng'ombe wengi njiani, wanatoka upande wa Kirolirwe, wanasukumana. Nilifurahi kuwaona. Kisha nikaona viwele. Vilikuwa vimejaa, vinavuja, maziwa yanadondoka kwenye vumbi hatua kwa hatua. Hakuna mchungaji anayetoa ng'ombe bila kuwakamua. Nyuma yao alikuja mchungaji ninayemjua, kila asubuhi tulisalimiana.

"Jambo, Papa!"

Alinitazama usoni, akapita. Hakuitika.

Niligeuka. Nilikimbia kama sijawahi kukimbia, na mdomo nimeufunga. Sikia sasa, kwa sababu hapa ndipo ninaposhindwa kueleza vizuri. Pumzi nilikuwa nayo. Ningeweza kumsalimia kila mtu mara mbili. Nilimpita fundi cherehani barazani, amefungua kinywa kunirushia utani wake, nikamwona anangoja jina lake, halafu kinywa kikafungwa polepole. Nilimpita Mama Furaha. Nilimpita Mama Riziki, macho yakakutana, na alikuwa ameshamfunga mjukuu mgongoni kabla sijamaliza hatua tatu. Hakuna aliyepiga filimbi. Hakuna aliyeuliza. Kimya changu kilitangulia mbele yangu nyumba kwa nyumba, na nilipofika mlangoni Masika alikuwa barabarani, Kanyere kashika sufuria, Muhindo kavaa viatu. "Sikukusikia, Mama," alisema Masika.

Risasi za kwanza tulizisikia tukiwa tumeshavuka mlima. Nyumba za upande wetu ziliungua kadhaa, zikiwa tupu. Katika watu wote wa njia yangu, kuanzia lango la malisho hadi dukani, hakufa hata mmoja. Nilikuwa nasikia watu wakisema hivyo porini, wakitaja majina kama litania, na nilikuwa naogopa kuitika.

Tulitembea siku tano kuelekea Kibua. Mimi, niliyekuwa nashindwa ngazi za kanisa, nilimbeba Muhindo mgongoni kwenye milima ile. Kila jioni kabla hakujaingia giza Masika aliniketisha kwenye gogo, akanivua viatu vyekundu, akatazama miguu yangu kidole kwa kidole, kama Muganga alivyomfundisha. Tulikula mihogo tuliyopewa na watu ambao wenyewe hawakuwa nayo ya kutosha. Kasereka tulimkuta Kibua kando ya lori lake. Alitukumbatia, akahesabu watoto, kisha akapiga magoti pale pale njiani mbele ya watu, akanishika mguu wa kulia.

"Iko muzima," nikamwambia.

Akaendelea kuushika.

Muuguzi wa kule alinichoma kidole. Akatazama mashine, akanichoma kingine. Nilikumbuka ile mara ya kwanza.

"Mama, unasema hauna dawa tangu majuma matatu?"

"Ndiyo, Papa."

"Na sukari imetulia hivi, uko unatumia nini?"

Nilinyoosha miguu yangu mbele, na viatu vile vya mutumba vyenye matope ya Masisi yote. Sisemi utupe vidonge. Mimi mpaka leo nameza changu kila asubuhi, na njia ikifungwa bado naogopa. Nasema tu kwamba siku ile Mungu alinionyesha mwili aliouumba, na nilikuwa nimeukalia miaka kumi na mitano.

Tulirudi Mushaki baada ya misimu miwili ya maharage. Duka halikuwa na mlango. Mama Riziki alikuwa ametutangulia, anaishi chini ya turubai lile lile alilokuwa anaanikia maharage. Siku tatu nilipanga vitu na kufagia. Siku ya nne, ng'ombe wachache waliobaki walipopita, nilifunga viatu nikapanda hadi lango la malisho, nikageuka, nikaanza kuteremka.

Watu walisikia miguu. Wakatoka. Walisimama mbele ya milango yao, wengine mbele ya mahali ambapo milango ilikuwa, wamenitazama mdomoni. Salamu ilikuwa yangu kuanza, huo ndio ulikuwa mkataba wetu. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Nilimwona Mama Riziki anainuka. Nilimwona anamchukua mjukuu, ambaye sasa alikuwa mkubwa na mzito, anamnyanyua kumweka mgongoni.

"Jambo, Mama Riziki!" nikapiga kelele.

Akasimama hivyo kidogo, mtoto akiwa hewani mikononi mwake. Kisha akamrudisha chini.

"Jambo sana, Mama Masika," akaitika. "Kimbia."